Maoni kwenye mitandao ya kijamii ya kikazi

Maoni kwenye mitandao ya kijamii ya kikazi ni maandishi mafupi ambayo watumiaji wa mitandao kama LinkedIn huandika chini ya chapisho la mtu mwingine. Huandikwa ili kupongeza, kuuliza, kupinga, kutoa pole au kuongeza habari. Maoni haya hutofautiana na yale ya mitandao ya burudani kwa sababu kwa kawaida mwandishi huonekana kwa jina lake halisi, picha, cheo na mahali pa kazi. Wanaoyasoma wanaweza kuwa wafanyakazi wenzake, wateja, wanafunzi wake wa zamani au mtu atakayemwajiri kesho.

Tangu programu za akili bandia (pia: akili mnemba) zienee kwa umma mwishoni mwa mwaka 2022, sehemu ya maoni hayo hutungwa na mashine. Jambo hilo limezua swali ambalo awali halikuulizwa sana: ni nini kinachofanya maneno machache yasikike kama yametoka kwa mtu? Utafiti umeonyesha kwamba wasomaji hukosea mara nyingi wanapojaribu kujibu kwa kutazama mtindo wa lugha peke yake. Tofauti iliyo wazi zaidi huwa katika yaliyomo: maoni ya mtu aliyesoma chapisho na kulifikiria hubeba kitu ambacho hakikuwemo ndani yake.

## Historia

LinkedIn ilianzishwa mwezi Desemba 2002 nchini Marekani na Reid Hoffman pamoja na wenzake, ikafunguliwa kwa umma tarehe 5 Mei 2003. Mwaka huohuo 2003 mtandao kama huo ulianzishwa Hamburg, Ujerumani, kwa jina la openBC. Baadaye uliitwa XING. Katika miaka ya kwanza mitandao hii ilifanana na kitabu cha anwani. Mtumiaji aliweka historia yake ya kazi, akaunganishwa na watu anaowafahamu, na mazungumzo ya wazi yalikuwa machache.

Hali ilibadilika hatua kwa hatua. Mwaka 2012 LinkedIn iliwaruhusu watu mashuhuri wachache kuchapisha makala, na mwaka 2014 ikaanza kuwafungulia nafasi hiyo watumiaji wengine. Machapisho yalipoongezeka, maoni nayo yaliongezeka. Mwaka 2016 kampuni ya Microsoft iliinunua LinkedIn kwa takriban dola bilioni 26.2. Mwezi Aprili 2019 kitufe cha kupenda kiliongezewa vingine vya kuonyesha shangwe, upendo, kuelimika na udadisi, hivyo mtu aliweza kutoa hisia fulani bila kuandika neno. Mwezi Novemba 2023 kampuni ilitangaza kwamba wanachama wake wamefikia bilioni 1.

## Kazi ya maoni

### Kujenga uhusiano

Mwaka 1923 mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alieleza kwamba maneno mengi ya wanadamu hayatumiki kupeleka habari bali kudumisha ukaribu. Salamu za Kiswahili ni mfano ulio wazi. Anayeuliza "Habari za asubuhi?" hatarajii orodha ya mambo yaliyotokea tangu alfajiri, na anayejibu "Nzuri" hatoi taarifa. Wote wawili wanathibitisha kwamba wanatambuana.

Maoni mengi kwenye mitandao ya kikazi ni ya aina hiyo. "Hongera sana" chini ya habari ya kupandishwa cheo ni maneno ya kawaida ambayo yameandikwa na maelfu ya watu, lakini mpokeaji huyathamini kwa sababu anamjua aliyeyaandika. Kwa hiyo ufupi na uzoefu wa maneno si dalili ya uongo. Salamu huharibika pale inapojifanya kuwa kitu kingine, kwa mfano inaporefushwa ionekane kama uchambuzi wa jambo ambalo mwandishi hakulisoma.

### Kupanua mtandao wa watu

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala yenye hoja kwamba watu hupata habari za kazi mara nyingi kupitia watu wanaofahamiana nao kidogo, kuliko kupitia marafiki wa karibu. Sababu ni kwamba marafiki wa karibu huwa wanajua mambo yaleyale, ilhali mtu wa mbali kidogo ana habari kutoka mahali pengine.

Mwezi Septemba 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliopima hoja hiyo kwa kutumia data za LinkedIn. Majaribio yalihusu watu zaidi ya milioni 20 katika muda wa miaka mitano. Matokeo yalionyesha kwamba uhusiano uliosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya ulikuwa ule dhaifu wa kiasi: si wa ndugu na marafiki wa karibu, wala si wa watu wasiofahamiana kabisa.

Maoni ni mojawapo ya njia za kutunza uhusiano wa namna hiyo. Watu wawili waliosoma chuo kimoja miaka kumi iliyopita huenda wasipigiane simu, lakini swali moja zuri chini ya chapisho huwakumbusha kwamba wapo. Hapo ndipo thamani ya maoni ya kweli inapoonekana, na ndipo hasara ya maoni ya bandia inapoanza. Ikiwa msomaji hawezi kuamini kwamba mtu fulani alimwandikia, uhusiano haujengwi hata kama maneno ni mazuri.

### Kukusanya maarifa

Kazi ya tatu ni ya kitaaluma. Chini ya chapisho la daktari, mwalimu, mhasibu au fundi, wenzake husahihisha takwimu, huleta mifano kutoka maeneo mengine na huuliza mambo yaliyoachwa. Katika machapisho mengine maoni huwa na faida kuliko chapisho lenyewe.

## Maoni yaliyotayarishwa

Maoni yasiyo na mtu nyuma yake hayakuanza na akili bandia ya sasa. Mwezi Novemba 2015 Google ilianzisha huduma ya kupendekeza majibu mafupi ya barua pepe. Watafiti wake walieleza kwamba katika majaribio ya mwanzo programu ilipenda mno kupendekeza maneno ya "nakupenda", hata kwenye barua za kazi. Sababu ilikuwa kwamba maneno hayo hutumiwa na watu wengi, kwa hiyo mashine iliyaona kuwa jibu salama pale isipokuwa na uhakika. Mwaka 2017 LinkedIn nayo ilianza kupendekeza majibu mafupi katika ujumbe wa faragha.

Njia nyingine ilikuwa ya watu wenyewe. Baadhi ya watumiaji waliunda vikundi vya kusaidiana: kila mwanachama anapochapisha, wengine huenda haraka kuandika maoni ili chapisho lionekane lina shughuli nyingi na lisambazwe zaidi na mtandao. Wanaoandika ni watu halisi, lakini maoni yao hufanana kwa sababu lengo si kumjibu mwandishi. Mfano huu unaonyesha kwamba maoni yanaweza kuandikwa na binadamu na bado yasiwe na sauti ya binadamu.

## Akili bandia

Programu ya ChatGPT ilitolewa na OpenAI tarehe 30 Novemba 2022. Baada yake zilitokea programu nyingi ndogo zinazosoma chapisho na kutunga maoni kwa kubofya kitufe kimoja. Nyingine huweza kuandika kwa niaba ya mtumiaji hata akiwa amelala.

Maoni yanayotungwa hivyo huwa na sura moja kwa sababu kadhaa:

* Mashine hutabiri maneno. Modeli ya lugha huchagua neno linaloelekea kufuata maneno yaliyotangulia, kulingana na maandishi mengi iliyofunzwa nayo. Bila maelekezo ya ziada, hufuata njia iliyokanyagwa na wengi.
* Mashine hufunzwa kupendeza. Baada ya mafunzo ya kwanza, watu hulinganisha majibu ya modeli na kuchagua yanayowafaa. Hatua hii huisukuma modeli kwenye adabu, kukubaliana na kusifu.
* Mashine huona chapisho tu. Programu ya kutunga maoni kwa kawaida hupewa maneno ya chapisho na labda cheo cha mwandishi. Haijui kwamba anayetoa maoni aliwahi kufanya kazi naye, wala kwamba alijaribu jambo hilohilo likashindikana. Hivyo huishia kurudia hoja za chapisho kwa maneno mengine.

Sababu ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi. Hata modeli iliyo bora sana haiwezi kusema ukweli juu ya jambo ambalo mtumiaji hakuiambia. Ikiulizwa iongeze uzoefu binafsi, huweza kuubuni, na maoni yakawa uongo wenye jina la mtu halisi.

LinkedIn yenyewe iliweka nyenzo za akili bandia za kusaidia kuandika machapisho. Mwezi Juni 2025 Ryan Roslansky, mkurugenzi mkuu wake wakati huo, alisema katika mahojiano na Bloomberg kwamba nyenzo hizo hazikupendwa kama alivyotarajia. Alieleza kwamba ukurasa wa mtu kwenye LinkedIn ni kama wasifu wake wa kazi, na kwamba anayekemewa hadharani kwa kutumia maandishi ya mashine hupoteza zaidi kuliko kwenye mitandao mingine.

## Sifa za maoni yenye sauti ya binadamu

Mfano wa kubuni unaweza kuonyesha tofauti. Fundi wa umeme wa jua mjini Mwanza anaandika kwamba pampu ya maji ya kijiji ilisimama mara tatu ndani ya miezi sita. Wote walidhani betri zimechoka, lakini chanzo kilikuwa vumbi lililofunika paneli. Chini yake yanatokea maoni manne:

1. "Hongera kwa chapisho hili lenye maarifa! Hakika nishati ya jua ni mustakabali wa Afrika. Ushirikiano na ubunifu ni nguzo muhimu za maendeleo endelevu."
2. "Hongera fundi. Kazi nzuri."
3. "Sisi Dodoma tulikutana na shida hiyohiyo mwezi wa nane. Mlisafisha kwa maji au kwa brashi kavu? Kwetu maji ya kisima yaliacha chumvi kwenye kioo."
4. "Vumbi hupunguza umeme, lakini kusimamisha pampu kabisa si kawaida. Je, mliipima na inveta? Nauliza kwa sababu mimi niliwahi kulaumu vumbi bure."

Maoni ya kwanza yana maneno mengi kuliko ya pili, lakini yanaweza kubandikwa chini ya chapisho lolote la nishati bila kubadilisha neno. Hayataji pampu, betri wala vumbi. Ya pili ni salamu na hayajifanyi kuwa zaidi ya hapo. Ya tatu na ya nne yasingeweza kuandikwa na mtu asiyesoma chapisho, na fundi anapata kitu cha kujibu.

Kutokana na mfano kama huu zinaweza kutajwa sifa zifuatazo.

### Kugusa jambo mahususi

Maoni ya kweli hushika sehemu moja ya chapisho: namba, hatua, neno au uamuzi. Hayalazimiki kufupisha chapisho zima, kwa sababu mwandishi analijua tayari. Muhtasari wa chapisho ulioandikwa chini ya chapisho lenyewe ni alama mojawapo ya maoni ya mashine.

### Kuongeza kitu

Kinachoongezwa kinaweza kuwa kidogo: mahali, mwezi, kosa lililotokea, jina la kifaa au njia nyingine iliyojaribiwa. Habari ya namna hii hutoka katika maisha ya mtu, si katika chapisho.

### Swali linalotaka jibu

Swali la kweli huulizwa na mtu asiyejua jibu na anayelihitaji. "Mlisafisha kwa maji au kwa brashi kavu?" lina jibu fupi na la manufaa. "Je, mnafikiri nini kuhusu mustakabali wa sekta hii?" ni swali la kupamba tu, kwani hata aliyeliuliza hangojei kujibiwa.

### Kuonyesha mpaka wa ujuzi

Watu husema "sijui kama kwenu ni hivyo", "nimeona mara moja tu" au "naweza kuwa nimekosea". Maneno haya humsaidia msomaji kupima uzito wa yanayosemwa. Maandishi yanayozungumza kwa uhakika uleule juu ya kila jambo hayatoi kipimo hicho.

### Kupinga kwa heshima

Mtu anaweza kutokubaliana. Maoni yanayosifu kila kitu hayana thamani ya kitaaluma, kwa kuwa sifa ya asiyewahi kupinga haina uzito. Kupinga kunakosaidia hulenga hoja na hueleza sababu, kama katika maoni ya nne hapo juu.

### Urefu unaolingana

LinkedIn inaruhusu maoni ya hadi alama 1,250, lakini machache huhitaji nafasi hiyo. Habari ya msiba hutosheka na sentensi moja au mbili. Hoja ya kiufundi inaweza kuhitaji aya. Maoni ambayo daima yana sentensi tatu zinazolingana, yaani sifa, muhtasari na funzo, huonekana kutoka kwenye kalibu moja.

### Kurudi kujibu

Mwandishi wa chapisho akijibu, aliyetoa maoni huendelea. Mazungumzo yana zamu, na mtu anayetupa maneno kisha haonekani tena hata akiulizwa huacha shaka kama alikuwapo.

## Ugumu wa kutambua

### Hisia za wasomaji

Watu wengi huamini kwamba wanaweza kutambua maandishi ya mashine. Mwaka 2023 Maurice Jakesch, Jeffrey Hancock na Mor Naaman walichapisha utafiti wenye majaribio sita na washiriki 4,600. Washiriki walisoma maelezo ambayo watu hujiandikia kuhusu wao wenyewe, yakiwemo ya kikazi, na kuulizwa ni yapi yaliandikwa na mashine. Usahihi wao ulikuwa karibu sawa na kubahatisha kwa kurusha sarafu.

Utafiti huo ulieleza pia chanzo cha makosa. Wasomaji waliyaona kuwa ya binadamu maandishi yenye kutaja familia, yenye kutumia nafsi ya kwanza na yenye lugha ya mazungumzo. Mashine inaweza kuiga mambo hayo kwa urahisi, hata ikaonekana ya kibinadamu kuliko binadamu. Kwa sababu hiyo ushauri wa kuongeza makosa ya tahajia, utani au emoji ili maoni yasikike ya kibinadamu hauna msingi mzuri: hubadilisha mavazi tu.

### Programu za kutambua

Tarehe 31 Januari 2023 OpenAI ilitoa programu ya kutambua maandishi ya mashine. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, iliweza kutambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na iliyaita ya mashine asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Iliondolewa mwezi Julai mwaka huohuo kwa sababu ya usahihi mdogo.

Mwaka 2023 pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa za mashine kimakosa, ilhali insha za wanafunzi wa Marekani zilitambuliwa vizuri. Watafiti walieleza kwamba programu hizo hutegemea jinsi maneno yanavyotabirika, na mtu anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia msamiati mdogo zaidi na miundo aliyoizoea.

### Tuhuma na madhara yake

Matokeo hayo yana uzito kwa Afrika, ambako wengi huandika mambo ya kazi kwa Kiingereza cha shuleni chenye msamiati rasmi. Mwezi Aprili 2024 mwekezaji Paul Graham aliandika kwenye mtandao wa X kwamba neno la Kiingereza "delve" katika barua aliyopokea lilikuwa dalili ya ChatGPT. Wanigeria wengi walimjibu kwamba neno hilo ni la kawaida katika Kiingereza chao na walilitumia kabla ya mashine kuwapo.

Tuhuma ina gharama hata isipothibitishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Scientific Reports ulichunguza watu waliozungumza kwa kutumia majibu yaliyopendekezwa na mashine. Mazungumzo yalikwenda haraka, yakawa na maneno mengi ya furaha, na wahusika walijiona kuwa karibu zaidi. Lakini mtu aliyeshukiwa na mwenzake kuwa anatumia majibu hayo alipimwa vibaya, iwe aliyatumia kweli au la. Kwa hiyo kumshutumu mtu hadharani kwa kutazama neno moja au mtindo wake kunaweza kumharibia jina bila haki.

## Maoni kwa Kiswahili

Watumiaji wa Afrika Mashariki huandika maoni ya kikazi kwa Kiingereza, kwa Kiswahili au kwa kuchanganya. Kuna mambo ambayo huonyesha kama maoni ya Kiswahili yameandikwa na mzungumzaji au yametafsiriwa na mashine.

* Pole na samahani. Kiingereza hutumia neno moja kwa kuomba radhi na kwa kumwonea mtu huruma. Kiswahili hutenganisha. Kwa aliyefiwa, aliyeugua au aliyepoteza kazi husemwa "pole" au "poleni". Maoni yanayosema "samahani kwa msiba wako" humfanya mwandishi aonekane kana kwamba yeye ndiye aliyesababisha msiba.
* Umoja na wingi. "Hongera" na "pole" huambiwa mtu mmoja. "Hongereni" na "poleni" huambiwa wengi. Kwa kampuni, timu au familia iliyofiwa wingi ndio unaofaa.
* Namna ya kuita. Kiswahili hakina kiwakilishi maalumu cha heshima kama "vous" ya Kifaransa. Heshima huonyeshwa kwa cheo, kazi au uhusiano: mwalimu, daktari, mhandisi, fundi, mzee, mama, kaka, dada. Mwanafunzi wa zamani huendelea kumwita aliyemfundisha "mwalimu" hata akiwa na cheo kikubwa kuliko yeye. Chaguo hilo hutegemea historia ya watu wawili, na programu haiijui.
* Dua. Waislamu na Wakristo wengi hujibu pongezi au msiba kwa maneno ya dini. Anayemfahamu mwenzake huchagua maneno yanayolingana na imani ya aliyeandika.
* Tafsiri ya neno kwa neno. Sentensi zenye maneno mazito mfululizo kama "ubunifu", "mustakabali", "uwezeshaji" na "endelevu" bila kutaja jambo lililofanyika mara nyingi ni Kiingereza kilichovishwa maneno ya Kiswahili. Hata hivyo mtindo huo hupatikana pia katika hotuba na ripoti za watu, kwa hiyo peke yake si ushahidi.

Methali hutumiwa sana, lakini nazo huhitaji kulingana na jambo. Methali iliyochaguliwa vizuri hufupisha hoja. Iliyobandikwa tu hufanya kazi ileile ya sifa za jumla.

## Matumizi ya wastani ya mashine

Si kila msaada wa mashine huondoa sauti ya mtu. Wapo wanaoandika kwa lugha ya pili, wenye ugumu wa kusoma na kuandika unaoitwa disleksia, na wenye ulemavu wa macho au wa mikono, ambao hunufaika na programu za kusahihisha tahajia, kutafsiri au kugeuza sauti kuwa maandishi. Tofauti iko katika nani analeta jambo la kusema. Mtu akiandika au kusema hoja yake kwanza, kisha akaomba irekebishwe, jambo linabaki kuwa lake. Mashine ikipewa chapisho la mwingine na kuambiwa itoe maoni, jambo la kusema halipo.

Katika matumizi ya kwanza pia hatari hubaki, kwa sababu programu huweza kulainisha maneno hadi mahususi yakapotea: "maji yaliacha chumvi kwenye kioo" huweza kugeuka "changamoto za usafi". Ndiyo maana anayetumia msaada huo hulinganisha maandishi ya mwisho na ya kwanza kabla ya kuyatuma.

## Kanuni na sheria

Masharti ya matumizi ya LinkedIn yanakataza roboti na njia nyingine zisizoruhusiwa za kuchapisha, kutoa maoni, kupenda au kusambaza machapisho bila mtu kufanya hivyo mwenyewe. Akaunti inayovunja masharti hayo inaweza kuwekewa mipaka au kufungwa.

Jimbo la California nchini Marekani lina sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2019 inayokataza kutumia roboti mtandaoni kumdanganya mtu kwamba anazungumza na binadamu, kwa lengo la kumuuzia kitu au kuathiri kura yake. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya akili bandia iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, na vifungu vyake hutekelezwa kwa awamu. Miongoni mwake ni takwa kwamba watu wajulishwe wanapowasiliana na mashine.

Sheria hizi hulenga udanganyifu wa wazi, hasa wa kibiashara na kisiasa. Mtu anayebandika chini ya jina lake maoni yaliyotungwa na programu mara nyingi hagusi sheria yoyote. Anachokiweka rehani ni imani ya wale wanaosoma jina lake.

## Tazama pia

* LinkedIn
* Mtandao wa kijamii
* Akili bandia
* ChatGPT
* Jaribio la Turing
* Salamu